Ukuta Mweupe Kila Ijumaa: Kumuaga Bi. Triza Khavere wa Idara ya Sanaa

Bi. Triza Khavere anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuhudumu katika Idara ya Sanaa, kampasi ya Baba Dogo, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kama karani wa stoo ya rangi, na anaondoka akiwa msimamizi wa stoo hiyo na wa matangazo yote ya wanafunzi. Wanaomfahamu hawakushangaa kusikia kwamba siku yake ya mwisho kazini imeangukia Ijumaa. Wengine wanadai alizungumza na kalenda.

Idara ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa darasa la Jumamosi, yaani sisi wanafunzi wa shule za sekondari za mtaani tunaofundishwa kuchora hapa wikendi. Sababu tuliyopewa ni kwamba tulianza kusoma matangazo ya Bi. Khavere kabla hatujajua kuwa kuna idara nyuma yake. Hilo ni kweli. Tumewauliza walimu, wafanyakazi na majirani wa zamani, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mgeni anayefika kampasi yetu kwa mara ya kwanza huonyeshwa ukuta kabla ya kuonyeshwa ofisi. Ni ukuta mrefu wa godauni la kiwanda cha magodoro, ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya dirisha la stoo. Juu yake kuna habari zote ambazo mwanafunzi wa sanaa anahitaji wiki hiyo: mashindano, maonyesho, nafasi za mafunzo kazini, ufadhili, semina, hata fundi anayeuza fremu kuukuu. Kila Ijumaa asubuhi ukuta hupakwa chokaa na kuwa mweupe tena, na kila Ijumaa alasiri wanafunzi huuandika upya. Ukuta huo si mali ya chuo. Haujawahi kuwa. Mwaka huu Bi. Khavere alikuwa na jambo moja tu la kumaliza kabla ya kurudisha funguo za stoo, nalo lilikuwa kuhakikisha kwamba ukuta hauondoki pamoja naye.

Alizaliwa mtaa wa Kaloleni, anakoishi hadi leo, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli na mama yake akiuza mboga. Alipoajiriwa hapa mwaka wa 1994, idara ilikuwa imehamia katika jengo lililokuwa kiwanda cha nyuzi, na matangazo ya wanafunzi yaliwekwa ndani ya kabati la kioo kwenye ushoroba wenye giza. Kabati lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye mara nyingi alikuwa kwenye likizo. Katika muhula wake wa kwanza, mwanafunzi mmoja hodari alikosa nafasi ya kuonyesha kazi zake mjini kwa sababu tangazo lilikuwa limefunikwa na ratiba ya mitihani. Bi. Khavere alilitazama lile kabati na kuuliza kwa sauti iliyosikika hadi ofisini, "Hili ni tangazo ama ni mfungwa?"

Kisha akavuka barabara.

Mwenye godauni alikuwa Mzee Thuo, mtu mfupi wa kofia ya sufu ambaye hakupenda kusumbuliwa kabla ya saa nne. Bi. Khavere alimsumbua saa mbili. Waliokuwepo wanasema mzee alimsikiliza hadi mwisho, akautazama ukuta wake, akamtazama yeye, kisha akasema, "Mama, nitakupa. Lakini Ijumaa ndiyo siku ya mshahara hapa, na sitaki watu wangu walipwe mbele ya uchafu. Nikifungua geti Ijumaa nikute maneno ya wiki iliyopita, nachukua ukuta wangu." Hapakuwa na mkataba wala sahihi. Walipeana mikono, na tangu siku hiyo mzee hakuwahi kufungua geti Ijumaa akakuta maneno.

Hii ilimaanisha kuamka mapema. Chokaa huloweshwa Alhamisi, ikorogwe alfajiri, ianze kupakwa kutoka juu ili matone yasiharibu palipokwisha. Wakati wa mvua ilipakwa mara mbili. Mwaka ambao Bi. Khavere alijifungua kitinda mimba wake, mumewe alikuja na ndoo. Mwaka alioumwa goti, alisimama chini akiwaelekeza vijana wawili waliopanda ngazi, na inasemekana goti lilipona haraka kwa sababu hakupendezwa na namna walivyopaka pembe.

Kuhusu namna ya kuandika, alikuwa na sheria chache na hakubembelezeka kuzilegeza. Rangi iwe ya maji, kamwe isiwe ya mafuta, ili chokaa ishike. Herufi ziweze kusomwa na mtu anayetembea bila kusimama. Na siku ya mwisho ya kutuma maombi iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote. Matangazo mengi huanza kwa jina la taasisi na nembo yake na kumalizia na tarehe kwa herufi ndogo. Yake huanza kwa neno INAFUNGWA. Aliwaambia wanafunzi kwamba mtu wa huku ana haraka, na akifika mwisho wa tangazo refu, tarehe itakuwa imeshapita.

Matokeo yake ni kwamba mtaa mzima ulianza kusoma. Wafanyakazi wa viwanda wanaorudi Korogocho na Lucky Summer jioni walijua habari za sanaa kuliko baadhi ya wanafunzi. Mama wa chapati aliye karibu na geti la chuo amewahi kumkimbilia kijana wa mwaka wa tatu akiwa ameshika mwiko, akipaza sauti, "Wewe msanii! Ile ya picha za mito inafunga Jumatano, na bado unakula tu?" Kijana huyo alituma kazi zake Jumanne. Alichukua nafasi ya pili, na chapati za wiki hiyo alikula bure.

Darasa letu la Jumamosi lilizaliwa hapo hapo ukutani. Bi. Khavere aliona watoto waliovaa sare za shule wakisimama kila jioni kusoma nafasi ambazo wasingeweza kuziomba. Alimwendea mkuu wa idara, Daktari Wanyonyi, akamwambia kwamba watoto hawa wanasoma matangazo yasiyowahusu, basi idara iwaandikie moja linalowahusu. Daktari alisema angelifikiria. Ijumaa iliyofuata tangazo lilikuwa ukutani, juu kabisa, na Jumamosi watoto walikuwa langoni na penseli zao. Daktari Wanyonyi husimulia kisa hiki yeye mwenyewe, na kila mara hucheka akifika mahali ambapo alitazama dirishani na kujua kwamba ameshafikiria.

Alikuwa na ujasiri wa kusema hapana. Profesa mmoja, ambaye sasa ni rafiki yake mkubwa, alileta tangazo la maonyesho yake mwenyewe akitaka nusu ya ukuta. Bi. Khavere alilisoma lote, akamuuliza mwanafunzi ataingia wapi hapo. Profesa akasema wanafunzi wanaweza kuja kutazama. Akarudishiwa karatasi yake. Siku mbili baadaye alirudi na tangazo jipya lenye nafasi za wasaidizi wanne wa kupanga maonyesho, nalo likapata nusu ya ukuta.

Lakini wasifu wa kweli hauwezi kuruka kosa, na Bi. Khavere mwenyewe alituambia tusiliruke. Mwaka wa 2012, mwanafunzi wa mwaka wa nne aitwaye Seth Bwire aliomba kufanya kazi yake ya mwisho ya shahada kwenye ukuta ule. Ilikuwa picha ya mtaa, lakini alitaka ionekane kama tangazo, yenye herufi, mistari na neno INAFUNGWA juu kabisa, ili mtu aisome kwanza kabla ya kugundua kwamba anatazama picha. Mkuu wa idara wa wakati huo alikubali, na akaahidi kuzungumza na Mzee Thuo ili Ijumaa ile moja iachwe. Alizungumza na mzee. Hakuna aliyekumbuka kuzungumza na Bi. Khavere, ambaye wiki hiyo alikuwa Vihiga kwenye mazishi ya shangazi yake.

Alirudi kwa basi la usiku, akashuka alfajiri ya Ijumaa, akapitia stoo kabla ya kufika nyumbani. Akakoroga chokaa. Seth alikuwa amefanya kazi nzuri mno: ilionekana kama tangazo kweli. Wasahihishaji kutoka chuo kingine walitarajiwa saa nane. Seth alipofika saa mbili na nusu alikuta ukuta mweupe kuliko siku zote, na Bi. Khavere akiosha brashi.

Wanaokumbuka wanasema Seth hakupiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa mtaro akasema, "Madam, hiyo ilikuwa digrii yangu." Bi. Khavere aliuliza swali moja tu, na halikuwa swali la kujitetea. Aliuliza alitumia rangi gani. Seth, kwa aibu, alikiri kwamba alivunja sheria akatumia rangi ya mafuta, kwa sababu alitaka ing'ae. "Basi simama," akaambiwa. "Ulinikosea na umejiokoa."

Chokaa haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta, hasa ikiwa bado mbichi. Magunia yote ya stoo yalitolewa na kuloweshwa. Darasa zima lilivuka barabara. Wafanyakazi wa godauni waliacha magodoro wakaja na matambara yao. Walisugua polepole kutoka juu, na picha ikaanza kurudi, kwanza tarehe, kisha mapaa, kisha watu. Haikurudi yote. Ilibaki na ukungu mweupe juu yake kama Baba Dogo ya asubuhi ya Julai. Wasahihishaji walisimama mbele yake kwa muda mrefu, na mmoja wao akauliza ukungu ule ulifanywa kwa ufundi gani. Seth alitazama chini, akajibu kwamba ulikuwa wa ushirikiano.

Alifaulu. Bi. Khavere alimwomba radhi mbele ya darasa, na kisha akamkemea kwa ajili ya rangi ya mafuta, yote mawili katika pumzi moja. Leo Seth Bwire ana karakana ya mabango Kariobangi, na kila mwaka huchukua wanafunzi wawili wa idara hii kwa mafunzo kazini. Tangazo la nafasi hizo huwa ukutani kila Machi. Huja kuliandika mwenyewe, kwa rangi ya maji.

Makundi ya simu yalipoingia, palikuwa na watu waliosema ukuta umepitwa na wakati. Bi. Khavere hakubishana. Alijiunga na kundi, akaweka kila tangazo humo pia. Lakini alionyesha kwamba tangazo la ufadhili lililowekwa humo Jumatatu asubuhi lilikuwa limezikwa kabla ya chakula cha mchana, chini ya salamu za siku ya kuzaliwa na picha za paka. Ukuta hauna salamu za kuzaliwa, alisema, na simu ikinyakuliwa ukuta unabaki.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mwaka jana, Mzee Thuo alipofariki. Idara nzima ilihudhuria mazishi. Godauni lilirithiwa na mwanawe, Kim Thuo, kijana mwenye adabu na simu mbili. Mwezi Mei mwaka huu aliposikia kwamba Bi. Khavere anakaribia kustaafu, alivuka barabara kuja kumwona, jambo ambalo ni la heshima. Alimwambia wazi, "Mathe, nakuheshimu sana. Lakini baba alipeana ukuta kwako, si kwa chuo. Ukienda, ukuta unarudi nyumbani." Kampuni moja ya matangazo ya biashara ilikuwa imeutaka, na ilikuwa tayari kulipa kila mwezi.

Bi. Khavere alimjibu, "Sawa. Basi tuzungumze kabla sijaenda."

Kuzungumza hakukuwa rahisi, kwa sababu Kim alikuwa kwenye mkutano. Jumatatu iliyofuata pia alikuwa kwenye mkutano. Bi. Khavere aliketi kwenye benchi la askari wa geti wakati wa chai, akafuma sweta. Alirudi kila Jumatatu. Juni yote ilipita, na sweta ikashuka hadi kiunoni. Askari alimwambia, "Madam, hiyo sweta ikipata mikono, bosi atakuwa ameishiwa na mikutano." Ikapata mkono mmoja. Daktari Wanyonyi alipendekeza barua rasmi kutoka kwa chuo, naye akasema barua inaweza kuwekwa kwenye droo, lakini mwanamke aliye kwenye benchi hawezi.

Siku Kim alipotoka hatimaye, hakumkuta akifuma. Alimkuta amesimama mbele ya magodoro yaliyopangwa kungoja lori, akiyatazama maua ya buluu kwenye vitambaa vyake. "Kim," akamwambia, "haya maua nilikuta hapa nikiajiriwa. Mimi nastaafu. Yenyewe je?"

Kim alicheka, akasema ni kweli, hata wateja hulalamika, magodoro ya kila mtu mjini yana maua yale yale. Bi. Khavere hakungoja amalize kucheka. Alimwambia aandike tangazo ukutani: kiwanda kinatafuta mchoro mpya wa kitambaa, mshindi atalipwa na atapata nafasi ya mafunzo likizoni. Kama hakuna atakayekuja, akasema, auchukue ukuta hata kabla ya Oktoba. Kim alimtazama kuona kama anatania. "Weka basi," akasema. "Tuone ni nani anasoma ukuta siku hizi."

Tukiwa darasani tuliposikia amesema hivyo, hatukupenda. Ilionekana kama kuweka kila kitu kwenye herufi chache za rangi ya maji. Yeye alikuwa mtulivu. Alisimamia uandishi wa tangazo hilo mwenyewe, akafuta neno INAFUNGWA mara mbili hadi liliponyooka.

Siku ya kufunga, askari wa geti alilazimika kuomba meza. Walikuja wanafunzi wa idara, bila shaka, lakini pia fundi viatu wa Korogocho, washonaji wawili wa sare, mwalimu wa chekechea, na nyanya mmoja wa Majengo, Pumwani, aliyesuka mikeka maisha yake yote na hakuona haja ya kuchora. Alileta mkeka wenyewe. "Mimi nimeambiwa mchoro," alimwambia Kim, akiutandaza sakafuni mwa ofisi yake. "Huu hapa. Ukanyage tu, hautoki." Kim aliketi sakafuni karibu na mkeka ule akaangalia michoro hadi jioni. Aliyeshinda ni Jacklyne Nasambu wa mwaka wa pili, anayeishi mtaa wa Fedha, aliyechora kamba za nguo kwenye roshani za ghorofa, zikipishana na kupinda kwa upepo. Mkeka haukushinda, lakini Kim aliununua, na uko ofisini mwake hadi leo.

Kim alikubali kwamba ukuta ubaki wa wanafunzi. Hata hivyo ni mtoto wa baba yake. Alitaka sharti lile lile: Ijumaa akifungua geti, uwe mweupe. Daktari Wanyonyi aliahidi kwamba idara itaunda kamati ya kulishughulikia. Kim alitikisa kichwa. "Daktari, kamati hainipendezi. Kamati ni watu wa kuambiana nilidhani ni wewe. Nataka jina moja. Siku nikikosa kuona chokaa, nijue nampigia nani. Na mkikosa jina kufikia mathe akienda, mkataba ule wa kampuni bado uko mezani."

Ijumaa hiyo, Bi. Khavere alipanda ngazi mwenyewe kuandika tangazo lake la mwisho. Wengi wetu tuliliandika kwenye madaftari. Lilisema: INAFUNGWA MWISHO WA SEPTEMBA. Anatafutwa mtu wa Ijumaa. Awe anaamka mapema. Asiogope ngazi. Awe anaweza kumwambia profesa hapana. Chokaa ipo. Mshahara haupo.

Wanafunzi saba walijitokeza Ijumaa ya kwanza, wakapaka wakiimba. Ijumaa ya pili kulinyesha, akaja mmoja, na huyo aliondoka na mafua. Palikuwa na mapendekezo mengi ya namna ya kufanya zamu, na Bi. Khavere aliyasikiliza yote huku akihesabu kwa vidole wanafunzi ambao wangekuwa wamehitimu kabla ya zamu zao kufika. Watu walimwomba abaki na jina lake liendelee kutumika, kwa kuwa Kaloleni si mbali. Alikataa. Alisema hataki ukuta unaongoja afe ndipo watu watafute brashi.

Seth Bwire alikuja siku ya mwisho kabisa ya tangazo. Alisema alikuwa amelisoma tangu mwanzo, akipita kila asubuhi kwenda karakana, na kila asubuhi alijiambia kwamba atajitokeza mwingine. Bi. Khavere hakumkumbatia. Alimuuliza kama anajua kuwa Ijumaa ni nyingi. Alisema anajua. Akapewa mwezi wa majaribio, na katika wiki tatu za kwanza alipandishwa ngazi tena kwa ajili ya pembe.

Kisha ikafika Ijumaa iliyopita. Alhamisi alasiri, wanafunzi wa idara, wakiongozwa na Jacklyne, walikuwa wamefuta matangazo yaliyopitwa na wakati na kuchora ukuta mzima picha moja tu. Alikuwa ni Bi. Khavere juu ya ngazi, na koti lake la buluu la stoo na kitambaa cha kichwa, brashi mkononi, amegeuza shingo kana kwamba kuna mtu anayefanya kosa nyuma yake. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, waliandika: INAFUNGWA 31 OKTOBA. Jioni ile watu waliotoka viwandani walisimama barabarani wakiitazama. Mama wa chapati alilia, kisha akasema ni moshi.

Seth alifika alfajiri na ndoo, akakuta wanafunzi wamepanga mstari mbele ya ukuta. Walikuwa wamekuja kumwomba.

"Bro, leo tu."

"Boss Kim ataelewa, bro. Hata yeye aliipiga picha jana."

"Wacha hata uso. Paka kwingine kote, bakisha uso."

Bi. Khavere alikuwa ameshafika. Alikuwa ng'ambo, kwenye kibanda cha chapati, na kikombe cha chai mikononi. Hakuvuka. Seth alimtazama akingoja neno, na Jacklyne akamtazama, na sote tuliokuwa pale tukamtazama. Yeye aliitazama chai yake. Kila mmoja alijua kwamba akisema iachwe, itaachwa. Na kila mmoja alijua pia kwamba geti likifunguliwa kukiwa na maneno ukutani, sharti litakuwa limevunjwa katika wiki ya nne ya mtu mpya, na Ijumaa inayofuata kutakuwa na sababu nyingine nzuri.

Seth aliwaambia wanafunzi taratibu, "Mimi huyu madam alinipaka nikiwa na mtihani saa nane. Nipisheni."

Akaegemeza ngazi. Alianza kutoka juu, kama alivyofundishwa, kwa hiyo tarehe ndiyo iliyotangulia kutoweka. Kisha kitambaa cha kichwa. Alipofika usoni alisimama kidogo, akachovya brashi, akaendelea. Jacklyne aliondoka pale akarudi na brashi nyingine, akaanza upande wa pili. Kim Thuo alipofungua geti, ukuta ulikuwa mweupe na bado ukitoa maji. Alitembea toka mwanzo hadi mwisho wake, akakagua na pembe, akampa Seth mkono. Wafanyakazi wakaanza kupanga foleni ya mshahara.

Ng'ambo, Bi. Khavere alimaliza chai yake na kurudisha kikombe. Alimwambia mama wa chapati, na yeye ndiye aliyetupa maneno haya, "Sasa naweza kwenda nyumbani."

Ndiyo maana wasifu huu umeandikwa kwenye karatasi. Ukuta ungekuwa mahali pake, lakini ukuta una kazi. Alasiri ile ile paliandikwa nafasi ya mafunzo ya uchapishaji vitambaa, shindano la mabango ya afya, na semina ya fremu, na zote bado hazijafungwa. Wahitimu wanaosoma wasifu huu wajue tu kwamba Jacklyne na wenzake, kwa makusudi kabisa, walivunja sheria ya rangi. Walitumia ya mafuta. Bi. Khavere bado yuko pale chini ya chokaa, juu ya ngazi yake, ameligeuzia shingo kosa la mtu. Tafadhali asije mtu na gunia bichi. Inatosha kujua.

Kwa niaba ya idara, majirani na kila mtoto wa mtaa huu aliyewahi kusoma tarehe kabla ya kusoma kingine, asante sana, Bi. Khavere. Tunakuombea afya njema, goti zuri, nyumba yenye vicheko, na siku ndefu ambazo hazina neno INAFUNGWA juu yake. Sweta ile tumesikia imepata mkono wa pili, na askari wa geti anaivaa.

Ijumaa ijayo usiamke mapema. Ukuta utakuwa mweupe.

Tiffany Shiku
Kidato cha Tatu, darasa la Jumamosi